Uso wa Kupeleka Zombe

Spiriti ilipogusa kidevu, Irungu alipiga magoti nyuma ya kaunta, akafumba macho na kumwita Mungu kwa sauti. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa ameingia kununua chumvi, akavua kofia na kuinamisha kichwa. Alingoja kidogo, akasema "Amina," kisha akatoka polepole bila chumvi, asije akavuruga maombi ya watu.

Ilikuwa Jumatatu. Irungu, mtu wa Murang'a aliyefungua duka Kibwezi mara tu baada ya uhuru, alikuwa na mpaka Jumamosi kupata uso. Ule aliokuwa nao haukufaa. Kila aliponyoa, kidevu na shingo vilijaa vipele. Kila vipele vilipotokea, aliongeza dawa: limau, kisha jiwe la shabu, kisha spiriti, kisha marashi ya kuua harufu ya spiriti, na mafuta ya mgando juu ya yote. Dawa zote alizitoa kwenye rafu zake mwenyewe, akijisifia ubora wake kama anavyowasifia wateja.

"Mjinga wa kiwango changu hajawahi kuingia duka hili," alikiambia kioo. "Wengine hununua mara moja wakashtuka."

Jumamosi angekwenda Zombe kujionyesha kwa Mbinya, mama yake Ndinda. Ndinda alifundisha watoto wa nasari pale Kibwezi, na Irungu alimpenda kiasi kwamba akiisikia sauti yake barabarani alianza kupima sukari ovyo. Baba yake Ndinda alikuwa ameshafariki. Neno la mwisho lilikuwa la Mama.

Jioni Ndinda alipita dukani, akasimama mlangoni.

"Woi, Irungu! Ni nyuki?"

"Ni spiriti."

"Na hii inang'aa hivi?"

"Hayo ni mafuta. Ndinda, niambie ukweli. Mama yako ataniangalia uso?"

"Si lazima akuangalie? Musembi alipokuja kuniposa, Mama alimwangalia tangu aingie mpaka chai ikaisha. Akamsindikiza mpaka barabara, bado anamwangalia tu. Halafu akamwambia asalimie watu wa kwao."

"Basi?"

"Basi hakurudi. Na wewe pia Mama akikataa, mimi sitamvuka. Nakupenda, lakini sitamvuka."

Irungu aliingiwa na hofu ya kweli. Musembi alimjua. Alikuwa na uso laini kama yai. Kama uso ule ulirudishwa kwao, huu je?

Ndinda aliingia nyuma ya kaunta, akakusanya chupa zote na kuzipandisha rafu ya juu kabisa.

"Sikia. Hizi vitu zote, wacha. Usinyoe tena mpaka Ijumaa. Chukua wembe mpya, ufuate vile ndevu zinalala. Ukimaliza, maji baridi, upanguse pole pole na kitambaa safi, upake mafuta kidogo sana. Hiyo tu."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Uso si gari."

Haikuwa rahisi. Mtu aliyezoea kujitesa akiambiwa apumzike huona kama anazembea. Jumatano mkono ulikwenda wenyewe kwenye limau, akalishika, akamkamulia kwenye chai mteja ambaye hakuwa ameomba limau. Alhamisi vipele vilianza kulala. Ijumaa alinyoa kama alivyoagizwa, akajipangusa, akapaka mafuta, akakaa juu ya mikono yake ili isimletee mambo mengine.

Jumamosi aliamka na mashavu ya kijana. Kipele kimoja tu kilibaki chini ya taya, kama mpangaji aliyekataa kuhama. Irungu alijiambia kwamba akiinamisha kichwa kidogo kwa heshima hakitaonekana. Alipanda basi kwenda Zombe akiwa ameinamisha kichwa tayari.

Mwangangi, mjomba wa Ndinda, alimkaribisha sebuleni pamoja na wazee wawili. Waliuliza habari za kwao, za duka, za kanisa analosali. Irungu alijibu vizuri. Kisha Mbinya akaingia na sinia la chai, akasimama mbele yake.

Akamtazama. Alianza na paji la uso, akashuka mashavuni, akafika kidevuni. Pale chini ya taya macho yalitulia. Irungu akasahau kuinamisha kichwa.

Mbinya aliweka sinia mezani. Akavuta leso yake, akajifunika uso wote, akageuka na kutoka kwa mlango wa nyuma. Wazee walitazamana. Mwangangi akakohoa, akaanza kumwaga chai.

Irungu hakungoja kikombe. Iliuma, iliuma kuliko spiriti. Alichukua kofia, akasema asanteni wazee nimeelewa, akatoka. Uani akakutana na Mbinya tena, uso kwa uso. Yule mama mzito alitazama kulia, akatazama kushoto, akaruka nyuma ya ghala la mtama na kuchutama huko, leso kichwani, mpaka Irungu apite.

Irungu alipita. Alitaka kulia, akakumbuka machozi yana chumvi na kidevu ndio kwanza kimepona. Kipele kimoja, alijiambia. Mwanamume mzima umeangushwa na kipele kimoja.

Alikuwa amefika langoni aliposikia Ndinda akikimbia nyuma yake, anahema na kucheka kwa pamoja, mikono imejaa unga.

"Wewe, unaenda wapi? Rudi, wanachinja mbuzi! Mama amekukubali. Kutoka leo wewe ni mkwe wake, na kwetu mkwe haangaliwi uso."