Ngiri Aliyeshika Mwisho wa Kamba

Kaeni vizuri, kisa hiki ni cha Ngiri. Kiangazi kimoja kisima kilichobaki na maji kilikuwa kimoja tu, Fisi wakasema, "Tuvute kamba. Atakayeshinda ndiye atakayekunywa." Ngiri na Nungunungu, waliogombana miaka mingi, ikabidi waungane.

Kapteni akawa Matuta, dume kijana wa Ngiri. Akasimama mbele kabisa, meno nje, aonekane. Fisi walipovuta, timu nzima ikaburuzwa mpaka karibu na mstari.

"Wewe kapteni gani?" akafoka Bibi Nungunungu. "Unajipendezesha tu, na watoto wanakufa kiu!"

Matuta akamtazama mwanawe mwenyewe aliyelala kando ya mstari, ulimi umemkauka. Akaacha mbele, akaenda nyuma kabisa kwenye vumbi, akajifunga kamba kiunoni.

Fisi wakaangua kicheko. "Mwoneni, kinyumenyume kama anavyoingia kwake!"

Ni kweli, ngiri huingia shimoni makalio yakitangulia, na Matuta siku zote aliliona aibu jambo hilo. Leo hakujali.

"Jamani, tuingieni nyumbani!" akapaza sauti.

Ngiri wote wakarudi nyuma kwa pamoja, Nungunungu wakafuata hatua zao. Fisi wakaanguka kifudifudi, wakaburuzwa hadi wakavuka mstari.

Kisimani, Matuta akawatanguliza watoto wa pande zote mbili, kisha wazee. Zamu yake ilipofika limebaki tope, naye akalinywa hivyo hivyo.

Bibi Nungunungu akainama mbele yake. "Shikamoo, kapteni."