Kilele cha Mparachichi

Chini ya mparachichi ule kilizikwa kitovu cha Atupele, na sasa mti ulikuwa umerefuka kama mlingoti, bila tawi hata moja. Sekela alipoinua mkasi wa kupogolea, mama mkwe wake alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Wee! Ukikata kichwa cha mti huo, umekata kimo cha mjukuu wangu!"

"Mama, mti unaokimbilia juu huwazalia ndege. Huu nataka umzalie Atupele."

"Na mtoto akidumaa?"

"Nitajibu mimi niliyemzaa."

Akakata. Mama mkwe akakiokota kilele, akaondoka nacho.

Mvua ziliporudi, machipukizi yalifumuka kila upande, yakawa matawi. Gauni la Atupele nalo lilishapanda juu ya magoti. Asubuhi moja Sekela alimsikia mama mkwe akimringia jirani.

"Mti wa mjukuu wangu huo. Tumeupogoa wenyewe."

Sekela akatabasamu. Mama mkwe akausogelea mche mwembamba wa mdogo wake Atupele, akaupima kwa macho hadi kileleni.

"Sekela mwanangu," akaita, mkono ameunyoosha nyuma, "ule mkasi uko wapi?"