Kitambaa cha Bi Tunu

Kompyuta ilizimika tena, mara ya tatu asubuhi hiyo, na picha zote za marehemu Bi Tunu zilikuwa humo. Fundi Salha akaigusa, akakuta ina moto kama pasi.

"Mzee wangu, hiki kitambaa kinaiziba. Haipati hewa."

Mzee Shomari akakitazama kitambaa. Mkewe alikifuma kwa mkono wake, akaifunika nacho siku ilipoingia nyumbani, na tangu azikwe hakuna aliyethubutu kukigusa. Salha naye hakukigusa. Alisubiri.

Hatimaye mzee akakiondoa mwenyewe, akakitundika dirishani, nyuma ya mashine. Salha akasafisha vumbi lote. Mzee akabonyeza kitufe. Feni ikavuma, na pindo la kitambaa likaanza kucheza.