Shikamoo ya Leonia

Mwalimu mpya alipoingia uani, Mama Leonia alisahau hata kumkaribisha. Walishatangulia walimu wawili wa kumfundishia mtoto nyumbani, mmoja wa hapa hapa Newala, mwingine kutoka Masasi, na wote walianzia pale pale: "Salimia! Sema shikamoo!" Leonia, ambaye tangu azaliwe hajatamka neno, aliziba masikio akalia mpaka wakaondoka.

Sasa alikuwa ameinamia korosho zilizoanikwa, anazipanga mstari.

Mwalimu alivua viatu, akachuchumaa kando yake. Akautazama ule mstari wa korosho. Mama alitaka kumsemea mwanawe, kama kawaida yake, akajizuia.

Leonia alichagua korosho moja, akaigeuzageuza, akaifuta vumbi kwenye gauni lake. Kisha, bila kuinua macho, akaiweka kwenye kiganja cha mgeni.

"Marahaba, mwanangu," mwalimu akaitika taratibu, kama mtu aliyesalimiwa kwa adabu zote.

Leonia hakuziba masikio. Aliokota korosho ya pili.

Mama aligeukia ukutani, akajipangusa uso kwa pindo la kanga.

"Mwalimu," akauliza, "ugali wa muhogo unakula?"