Maharage ya Shamba la Ujamaa

"Kama hukutia sumu, kula," Mwenyekiti wa kijiji alimwambia Felista, mpishi wa shamba la ujamaa.

Pembeni ya mtama watu walikuwa wamelala chini wakitapika. Walikula maharage mchana, na kabla jua halijateremka matumbo yakaanza kuwakata. Wapo waliokuwa wameshataja uchawi.

Felista alichota upawa kutoka sufuria ile ile. Maharage mekundu, yamevimba, ganda linang'aa. Kwa macho yalikuwa yameiva kabisa. Akatia kinywani, akatafuna.

Jino likakuta ugumu. Ndani yalikuwa mabichi, yana ladha ya majani.

Alisimama na chakula mdomoni, watu wakimwangalia. Akakumbuka kuni mbichi za asubuhi, zilivyotoa moshi tu. Sufuria ilikaa na joto asubuhi nzima, haikuchemka hata mara moja. Na alipotaka kuonja, Mwenyekiti alimkatiza: yameiva hayo, ipua, mgeni wa wilaya ameshafika, awakute wananchi wanakula pamoja.

Mgeni alikula kuku nyumbani kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti alikula naye.

Felista alitema kiganjani, akafungua mkono ili kila mtu aone punje zilizokatika, nyeupe ndani, ngumu kama kokoto.

"Sumu haipo," alisema. "Hayajaiva. Maharage mabichi hutapisha."

Kisha akachota upawa mwingine, akaujaza, akaunyoosha kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa.

"Karibu, Ndugu Mwenyekiti. Si ulisema yameiva?"