Matundu ya Wodi ya Sita

Kila fundi hufanya hivyo: matundu ya swichi ya mtandao, kile kisanduku cha kuunganishia kompyuta, yasiyochomekwa waya huyatenga kwenye mtandao mtupu usiokwenda popote. Zamaradi aliyatenga humo yale kumi na moja ya Wodi ya Sita, kisha, kwa kukosea namba, akalitenga na tundu la kompyuta yake mwenyewe. Kompyuta hiyo ikakatwa kutoka mtandao wa hospitali nzima.

Kwenye mtandao ule mtupu hakukupaswa kuwa na kitu. Kompyuta ikaorodhesha mashine kumi na moja.

"Sista Bupe, Wodi ya Sita iko wapi?" akamuuliza muuguzi mzee aliyekuwa akipita.

"Ilibomolewa mwaka juzi, mwanangu."

"Ilikuwa na vitanda vingapi?"

"Kumi na kimoja."

Zamaradi akaushika waya wa kompyuta yake auchomoe kwenye swichi. Taa kumi na moja zilizokuwa zikimetameta juu ya matundu yale yasiyo na waya zikatulia kwa pamoja, kama watu wanaonyamaza mlango unapofunguliwa.