Kitone Chekundu

Haya hayana chumvi hata punje. Hata fundi redio mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Chumvi na ulikuwa na sababu zake, siku hiyo hakutania. Aliapa kwamba leo kasoro anaipata, la sivyo vyombo vya wiki nzima ataviosha yeye.

Kasoro ilikuwa kwenye programu aliyojitungia mwenyewe, ya kuirudisha nyumbani sauti ya marehemu. Jumbe za sauti zilizobaki kwenye simu alizihamishia kwenye kompyuta, na programu ikawa inazisema moja baada ya nyingine. Lakini ule ujumbe wa mwisho, wa siku ya ajali, ulikatika katikati kila mara. Neno linaanza, halimaliziki.

Mzee hakulala vizuri tangu hapo. Neno zima limo humo ndani, alijiambia. Lazima limo. Ni programu tu inayolikaba.

Kwa miezi alikuwa akibahatisha, mara mstari huu, mara ule. Sasa alikuwa amepata kihariri kipya cha kuandikia programu, chenye kitafuta-kasoro ndani yake. Unaweka kitone chekundu kando ya mstari unaoushuku. Programu ikifika hapo inaganda, na pembeni mwa skrini unaona kila kitu ilichobeba. Ni kama kufungua redio mgongo huku inaimba.

Aliweka kitone chake. Akabonyeza.

"Baba, bado uko kwenye mashine?" binti yake aliuliza kutoka upande wa dirisha.

"Niache kidogo, mwanangu. Leo tunaikamata."

"Wewe na mashine zako. Kula kwanza."

"Nimeshakula."

"Muongo."

Mzee alicheka peke yake. Huyu mtoto, tangu ajue kusema, hajawahi kumwamini kwenye habari za chakula. Na kweli sahani ilikuwa palepale, wali umekauka juu.

"Haya, nitakula. Umeridhika?"

"Na uvae koti. Kuna baridi."

Jua la mchana lilikuwa linachoma bati, na jasho lilimtiririka mpaka kwenye vitufe. Hakubisha. Alijifuta kwa mkono wa shati, akaisogelea skrini. Programu ilikuwa bado inakimbia, haijafika kwenye kitone.

"Umenisikia, baba?"

"Nimekusikia, mama. Kila siku nakusikia."

Binti alinyamaza kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Kisha sauti yake ikarudi, safari hii ya haraka haraka, nyuma yake honi zikilia.

"Baba, nimeshapanda gari. Nina habari nzuri, lakini siisemi kwenye simu. Nikifika nita"

Programu iliganda. Spika ya dirishani ikawa kimya.

Pembeni mwa skrini kitafuta-kasoro kiliandika: sauti iliyobaki, sifuri.

"Ameishia palepale." Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, sufuria chafu mkononi. "Umeiona kasoro?"

Mzee Chumvi alipitisha kidole juu ya ile sifuri, kama anayefuta vumbi.

"Ipo, mke wangu," alisema. "Imejificha tu."

Akakunja mikono ya shati, akampokea sufuria, akaenda kuosha vyombo.